Zuzu imepanuliwa, mbona mota yangu ya alizeti Nala bado inachemka jioni?

Mkamuzi wa Nala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwenye ujuzi wa umeme anisaidie.

Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Nala, upande wa barabara ya Singida. Mota ni ya kilowati 15, fezi tatu. Asubuhi haina shida yoyote, mashudu yanatoka makavu kabisa. Ikifika saa moja jioni taa za bandani zinafifia, mota inabadilisha mlio, inazunguka kwa shida, na mashudu yanatoka bado yana mafuta, ukiyafinya yanang'aa mkononi. Hayo ni mafuta ya mteja yanapotea. Baada ya muda rilei ya ovalodi, ile swichi ya kuilinda mota isizidiwe, inakata. Naiacha ipoe, nawasha, inakata tena. Msimu uliopita koili ziliungua nikaisuka upya.

Kinachonichanganya ni hiki. Bwawa la Nyerere tumeambiwa ni megawati 2,115. Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, hapa Dodoma, kimepanuliwa, ukipita unaona mwenyewe minara na matransfoma. Sasa umeme huo wote mbona haufiki kwangu? Mafundi wa mtaani mmoja anasema ninunue stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, mwingine anasema nivumilie mpaka kazi ya Zuzu ikamilike kabisa. Stebilaiza ya fezi tatu ya ukubwa huo ni hela ndefu, na kuvumilia siwezi, wakulima wameshaleta magunia.

Swali langu: kituo cha kupoza umeme kikiongezwa uwezo, umeme wa mlangoni kwangu unaongezeka au hauongezeki?

kijana_wa_Kizota

Mkuu chukua stebilaiza uachane na hiyo presha. Mimi nina ya friji, inanisaidia sana. Umeme wa nchi hii haujawahi kutosha.

Mzee wa Swichiyadi

Mkamuzi, pole na kazi. Nimefanya kazi kwenye vituo vya kupoza umeme kanda hii ya kati tangu ujana mpaka nilipostaafu. Nisome taratibu, maana swali lako ni la watu wengi Dodoma na wengi wanapewa jibu la tatizo lingine.

Kijana wa Kizota, kwa friji umeshauri vizuri, kwa mota hiyo hapana. Stebilaiza haizalishi umeme. Volti zikishuka, inavuta ampia nyingi zaidi kutoka kwenye laini ileile iliyokwisha kulemewa ili ikupe volti kamili upande wako. Kwa mota ya kilowati 15 iliyo mwisho wa laini, maana yake unawashushia majirani. Nao watanunua za kwao, na laini itazidi kuzama.

Sasa tuufuate umeme wenyewe. Pale Rufiji, kwenye hilo bwawa la Nyerere, kuna mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Ukitoka kwenye mitambo unapandishwa hadi kilovoti 400 kabla haujaanza safari. Sababu ni hii: mzigo wa MVA 125 (MVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo, na MVA moja ni kVA 1,000) ukisafirishwa kwa kilovoti 220 unahitaji ampia 330 hivi, kiasi ambacho waya unaning'inia nacho kwenye mnara bila shida. Mzigo huohuo ukiusafirisha kwa volti 400 za mtaani unahitaji ampia laki moja na elfu themanini. Hakuna waya wa kubeba hizo. Tena upotevu njiani haupandi sawasawa na ampia, unapanda kwa kipeo cha pili: ukipunguza ampia nusu, umeme unaoishia kuwa joto kwenye waya unabaki robo.

Kutoka Rufiji unaingia Chalinze, na laini iliyobuniwa kuuleta huku kutoka Chalinze ni ya kilovoti 400, urefu kilomita 345. Kwa miaka mingi Dodoma tumeutegemea upande wa kusini: Mtera yenye megawati 80, Kidatu, Kihansi, kwa njia ya Iringa. Ile laini kubwa ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, tangu mwanzo minara yake ilijengwa kwa kiwango cha kilovoti 400. Zuzu ndipo njia hizo zinapokutana. Pale umeme unapozwa hadi kilovoti 33, unatoka kwa laini tunazoziita fida. Fida moja ya kilovoti 33 ikibeba ampia 300 ni kama MVA 17. Inapita mitaani, kila mahali inalisha transfoma ya juu ya nguzo. Transfoma ya mtaani ya kVA 100 ina ampia 144 tu kwa kila fezi. Kutoka hapo waya wa volti 400 unatembea nguzo kwa nguzo hadi kwako.

Chukua mfano wa mahindi. Semi iliyopakia mahindi Kibaigwa haimshushii mama Chang'ombe gunia mlangoni. Sokoni linahamia kwenye kirikuu, na kirikuu kikiwa kibovu, ukiongeza semi nyingine barabara kuu mama hapati mahindi mapema.

Kwa hiyo jibu la swali lako: Zuzu ikiongezwa, mji mzima unapata nafasi. Hatulazimiki kuzima mtaa mmoja ili mwingine uwake kwa sababu transfoma kubwa imejaa. Ikiharibika moja, nyingine inabeba. Na volti za kilovoti 33 zinakaa sawa. Transfoma kubwa ina kifaa tunakiita tepu chenja. Jioni, mji unapowasha taa na majiko, ukisimama karibu unausikia mngurumo wake wa siku zote, halafu ndani ya kisanduku cha pembeni kinalia kishindo kimoja kikavu, na namba kwenye kidirisha inasogea hatua moja. Hapo imejirekebisha yenyewe bila kuzima mtu. Dakika chache tena, kishindo kingine. Kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku inafanya kazi kwelikweli.

Lakini tepu chenja inaangalia volti za pale kituoni. Nguzo ya mwisho Nala haiioni.

Kabla hujatumia hata shilingi, tafuta multimita na mtu anayejua kuitumia salama. Jioni, mashine ikiwa inafanya kazi, pima volti za kila fezi kwa nyutro, kisha fezi kwa fezi. Halafu tafuta jirani mwenye fezi tatu anayekaa karibu na transfoma yenu, apime kwake saa hiyohiyo. Lete namba hapa.

Mkamuzi wa Nala

Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyoelekeza, fundi alikuwa kwangu na mwenzake kwa jirani mwenye karakana ya kuchomelea, yuko nguzo ya pili kutoka kwenye transfoma. Mimi niko mbali, nguzo nyingi sana.

Kwangu saa mbili kasoro usiku: 212, 208, 171. Fezi kwa fezi: 364, 332, 329.
Kwa jirani muda huohuo: 229, 231, 226.
Kwangu asubuhi saa nne: zote tatu zinacheza kwenye 230.

Mzee wa Swichiyadi

Marahaba mwanangu. Namba hizi zimesema kila kitu.

Jirani wa karibu na transfoma ana 226 mpaka 231 katika saa ngumu kuliko zote. Maana yake Zuzu iko sawa, fida ya kilovoti 33 iko sawa, na hata transfoma yenu inatoa volti nzuri. Tatizo limeanzia kwenye waya wa volti 400 kati ya transfoma na wewe. Fezi ya tatu imetoka 226 ikafika kwako 171. Volti 55 zimebaki njiani kama joto, kwenye waya mwembamba, kwenye viungio, na kwa sababu nyumba nyingi mno zimening'inizwa kwenye waya huo mmoja.

Hili linatokea sana maeneo yanayokua haraka. Mtaa unaanza na nyumba chache, kila anayeunganishwa anapewa fezi iliyo rahisi kufikika siku hiyo, hakuna anayerudi kugawa upya. Miaka inapita, fezi mbili zina nafasi, ya tatu imebeba mtaa.

Nyutro sidhani kama imekatika. Ingekatika, fezi yenye mzigo ingeshuka na zile nyingine zingepanda kupita 230, mkaanza kuunguza taa na televisheni. Zako zimeshuka zote. Hata hivyo viungio vyake vikaguliwe, waya wa aluminiamu uliofungwa vibaya kwenye shaba unaoza kimyakimya.

Sasa mota. Wastani wa volti zako fezi kwa fezi ni 342 badala ya 400. Nguvu ya mota ya kuzungusha inafuata kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo umebakiwa na kama asilimia 73. Hapo ndipo mafuta yanabaki kwenye mashudu. Na fezi zako zinaachana na wastani huo hadi asilimia 6 na nusu. Mota ya fezi tatu ikizidi asilimia 5 haifai kuendeshwa kabisa, koili za upande mmoja zinapata joto kuliko nyingine. Fundi aliyekusukia mota hakukosea kitu. Rilei inapokata inakuokolea mota, usiruhusu mtu yeyote aje akuongezee namba kwenye rilei ili isikate.

Dai lako ofisini lisiwe "umeme mdogo". Ukisema hivyo utaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri kituo kikubwa. Andika barua yenye namba hizi, saa ulizopima, na uombe mambo kwa majina yake: kugawa upya mzigo wa fezi kwenye laini ya volti 400 ya transfoma yenu, kukagua viungio, na kama hiyo haitoshi, kuongeza unene wa waya au kusogeza kilovoti 33 karibu na kuweka transfoma nyingine katikati ya mtaa. Kugawa fezi ni kazi ya mafundi wenye ngazi na kibali, haihitaji kununua mtambo wowote. Kwa kawaida peke yake inarudisha sehemu kubwa ya volti.

Upande wako, kama mota inawashwa moja kwa moja, weka stata ya sta-delta, inayoiwasha mota kwa hatua ili isivute ampia nyingi kwa mara moja. Mota ya kilowati 15 inayokula ampia 30 ikiwa kazini inaweza kudai 180 na zaidi ikiwashwa kavu, na transfoma ya kVA 100 nimekuambia ina 144. Weka pia kapasita za kVAr 6 au 7 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wa kapasita), zitapunguza ampia unazovuta bure. Na hadi mafundi waje, kamua mchana.

Mama Iyumbu

Shikamoo mzee, asante kwa elimu. Nami nina la kwangu. Tunataka kununua kiwanja, kipo kama mita themanini kutoka uzio wa eneo ambalo tumeambiwa litajengwa kituo cha kupoza umeme. Bei ni nzuri mno. Watu wanatutisha kansa. Tukimbie?

Mzee wa Swichiyadi

Marahaba mama. Umeme wetu wa hezi 50 una uga wa sumaku, hilo ni kweli. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa wananchi ni maikrotesla 200. Nje ya uzio wa kituo, transfoma zenyewe kwa kawaida haziongezi kitu cha maana, sehemu yenye kipimo kikubwa ni chini ya laini zinapoingia na kutoka. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 waliuweka uga huo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha, ushahidi ukiwa hafifu, na hawajathibitisha kuwa vinasababisha. Mimi kwa mita themanini nisingekimbia kituo.

Ningekimbia kitu kingine. Uliza ramani ya mipango miji, laini zitapita wapi. Kituo hakiji peke yake, kinakuja na laini za kuingia na fida za kutoka, na kila moja ina njia yake ambayo hairuhusiwi kujengwa. Bei nzuri mno wakati mwingine ni kwa sababu muuzaji anajua nusu ya kiwanja ipo kwenye njia. Nenda na namba ya kiwanja ofisi ya ardhi ya jiji, uoneshwe mchoro, usiridhike na barua tu. Na usiku utasikia mvumo wa transfoma, tena upepo wa Dodoma unausafirisha. Kama mna mtoto asiyelala, fikirieni upande wa vyumba.

kijana_wa_Kizota

Mzee nimekuelewa kuhusu stebilaiza. Ila kuna kitu kinaniuma. Mbona wakisema wanapanua kituo ndipo umeme unakatika zaidi? Kila Jumapili tangazo la matengenezo. Si wajenge pembeni halafu wahamishe mara moja?

Mzee wa Swichiyadi

Swali zuri, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nimeliishi.

Kujenga kituo kipya uwanja mtupu ni raha. Kupanua kituo kinachofanya kazi ni kazi ngumu kuliko zote tulizonazo. Transfoma mpya lazima iungwe kwenye basba, yale mabomba ya aluminiamu ya juu ambayo fida zote zinakula kutoka kwayo. Huwezi kusogea karibu nayo yakiwa na umeme. Kwa kilovoti 220 huhitaji hata kugusa, ukisogea kupita umbali wake wa usalama umeme unakurukia. Kwa hiyo unazima sehemu moja ya basba, unahamishia mzigo kwenye sehemu nyingine, na pale ambapo hiyo nyingine haina nafasi, mtaa fulani unakaa gizani. Jumapili inachaguliwa kwa sababu ofisi zimefungwa na mzigo wa mji uko chini. Kabla fundi hajapanda, laini inazimwa, inafungwa kufuli, inapimwa, inaunganishwa ardhini, ndipo hati ya ruhusa ya kazi inasainiwa. Jioni inarudishwa kwa utaratibu uleule kinyumenyume. Ukiona umechelewa saa moja kurudi, kuna mtu alikataa kusaini mpaka ahesabu watu wake wote wako chini. Namshukuru kila aliyewahi kukataa.

Transfoma yenyewe ya ukubwa huo ina uzito wa zaidi ya tani 100. Inakuja bila mafuta, tumboni imejazwa hewa kavu ili unyevu usiingie, na ubavuni ina kifaa kinachorekodi kila mtikisiko tangu kiwandani. Ikifika, kitu cha kwanza ni kusoma rekodi hiyo. Halafu inaburutwa taratibu kwenye msingi wake, inafungwa masikio ya kupitishia waya na rediata, mafuta yanachujwa na kupashwa moto, yanaingizwa huku hewa ikinyonywa, siku na usiku bila kusimama. Kisha inawashwa bila mzigo, inaachwa ivume huku tunaisikiliza. Kuiagiza kiwandani peke yake ni zaidi ya mwaka.

Na Dodoma ina shida yake ambayo Dar es Salaam hawaijui: udongo. Kila kituo kina wavu wa shaba umefukiwa chini ya uwanja wote, ili hitilafu ikitokea umeme uzame ardhini haraka. Wavu huo unataka udongo wenye unyevu. Huku mvua zinaanza Desemba zinaisha Aprili, na ukipima mwezi wa kumi ardhi ni kavu, inakataa umeme. Vipimo vilivyofaulu vizuri Machi vinafeli Oktoba. Tulikuwa tunachimba visima virefu vya fimbo za ardhi mpaka tukute unyevu, tunajaza udongo wa bentonaiti unaoshika maji. Mkandarasi anayepima masika tu, mimi simuamini. Zile kokoto mnazoziona zimetandazwa uwanja mzima nazo ni za usalama: hitilafu ikitokea, ardhi inakuwa na volti tofauti kati ya mguu wako mmoja na mwingine, na kokoto ndizo zinazokutenga. Niliwahi kuona mtu anataka kuzichota akajengee choo cha mlinzi. Tulimkatalia kwa nguvu.

Sasa linaloniuma mimi. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016, na 2018 tukawa jiji, mzigo ukaja kwa kasi: Mtumba na wizara zake, Chuo Kikuu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, uwanja wa ndege Msalato, treni ya umeme kutoka Dar tangu 2024. Sensa ya 2022 jiji lilikuwa na watu 765,179. Kituo cha kupoza umeme kinapaswa kutangulia mzigo, kwa sababu ukisubiri mzigo ufike, ndipo unalazimika kupanua huku umeme unawaka, na ndipo Jumapili zenu zinaliwa. Eneo lake litengwe wakati viwanja vinapimwa, pamoja na njia za laini zake, kabla mtu hajachoma tofali. Kumlipa mwananchi fidia akiwa na shamba la mtama ni jambo moja. Kumhamisha akiwa na nyumba, watoto na kaburi la baba yake uani ni jambo lingine kabisa, na nimekaa kwenye mikutano hiyo, sitaki kuirudia. Hapa tuna ardhi tambarare tele bado. Kihonda kule Morogoro na Mbagala kule Dar wangetamani nafasi tuliyonayo.

Mama Iyumbu

Mzee tumekwenda ardhi leo. Laini inapita upande wa mashariki, kiwanja chetu hakiguswi, ila cha jirani kimeliwa robo na kinauzwa bila kutajwa. Nimewaambia wenye kukiulizia.

Mkamuzi wa Nala

Mzee, barua nimepeleka na nakala imegongwa muhuri. Nimeandika fezi kwa fezi kama ulivyosema. Jirani wa karakana naye amesaini, na mwenye mashine ya kusaga wa nyuma yangu ambaye kumbe naye anapata 174. Stata ya sta-delta fundi anaileta kesho. Kwa sasa nakamua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mashudu ni makavu.

Mzee wa Swichiyadi

Vizuri sana. Ongeza jambo moja kwenye nakala yako: namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya transfoma na ukubwa wake kwa kVA, upo kwenye kibao chake, msome kutoka chini, msipande. Mafundi wakija kugawa fezi, waombe baada ya kumaliza wapime mzunguko wa mota yako kabla hujaweka alizeti. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume.